Naomba ushauri: kiuno kinapanda kuliko misuli, nikate mafuta ya mwili sasa au niendelee kujenga?

Habari zenu wakuu. Niko nje ya msimu wa mashindano, najenga mwili. Urefu sm 176, uzito umetoka kilo 80 hadi 84. Nakula kalori 3,200 kwa siku: protini gramu 165, mafuta gramu 90, zinazobaki ni wanga.

Uzito unapanda karibu nusu kilo kwa wiki, kasi kubwa kwa mtu ambaye si mgeni gym. Kiuno, nikipima usawa wa kitovu asubuhi kabla ya kula, kimeongezeka sm 4, huku uzito ninaobeba kwenye skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) ukiwa palepale. (Kioo sikiamini, kinategemea taa.) Chumvi sijaongeza, kwa hiyo sidhani ni maji tu.

Nilipunguza kalori 200 kwenye wanga. Uzito ukatulia, ila siku ya mazoezi ya miguu seti (mizunguko ya zoezi) za mwisho zikawa hazikamiliki, nikazirudisha kalori hizo. Kutembea dakika 30 mara tatu kwa wiki naendelea nako.

Je, bora nikate kalori 500 kwa siku kwa wiki 4 hadi 6 kisha nirudi kujenga, au nipunguze 100 tu na kusogeza wanga karibu na mazoezi? Na nikikata, seti 16 kwa wiki kwa kila msuli nizishushe hadi ngapi bila kupoteza misuli?