Naomba ushauri: ISS inapita kabla ya muda unaotajwa na programu

Wakuu, habari za jioni. Nina programu ya bure ya kufuatilia satelaiti kwenye laptop, nipo Morogoro. Satelaiti za juu zaidi zinakuja kwa wakati, ila kituo cha anga cha ISS kinanichanganya: programu inasema bado kiko chini upande wa kusini-magharibi, nikitoka uani naona kimeshafika usawa wa mwembe wa jirani. Tofauti kama nusu dakika hivi. Kwa kitu kinachokimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hapo tunaongelea kilomita 200 na ushee!

Saa ya laptop inalingana na ya simu. Mahali nimeweka sawa, latitudo ikiwa na alama ya kutoa (mtu akiisahau hiyo anahamishiwa kaskazini ya ikweta).

Ninachohisi ni zile data za obiti ambazo programu inatumia kupiga hesabu ya njia ya satelaiti, mistari miwili ya namba maarufu kama TLE. ISS iko chini, kama kilomita 400, hewa kidogo ya huko inaivuta, inashuka na kuzunguka haraka zaidi. Halafu mara kwa mara wanaipandisha kwa injini, na hapo TLE ya zamani haina maana tena.

Sasa, wenye uzoefu: mnasasisha TLE kila siku au kila baada ya siku ngapi? Na lile faili la njia ya ISS linalotolewa na NASA, linaingizwaje kwenye programu za kawaida? Bando langu ni la mawazo, msinipe vitu vizito.