Hotaru no Haka: je, Seita ndiye wa kulaumiwa kwa kifo cha mdogo wake?

Mpenda_Katuni:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Juma lililopita nilitazama pamoja na wadogo zangu Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, filamu ya katuni ya Isao Takahata iliyotolewa na studio ya Ghibli mwaka 1988, na tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki kwa mabishano. Kwa wasioijua, Seita, mvulana wa miaka 14, na mdogo wake Setsuko, wa miaka 4, wanafiwa na mama yao baada ya ndege za Marekani kuuteketeza mji wa Kobe kwa mabomu ya moto mwezi Juni 1945, na kwa kuwa baba yao ni ofisa wa jeshi la majini ambaye hajulikani aliko, wanapokewa na shangazi mmoja. Maneno ya shangazi huyo yanapowazidi wanahamia katika handaki lililo kando ya bwawa, na humo ndimo Setsuko anamofia kwa njaa, ilhali mama yao aliwaachia yeni 7,000 benki.

Mdogo wangu wa kiume anashikilia kwamba shangazi ndiye aliyemuua mtoto yule. Dada yangu anasema kiburi cha Seita ndicho kilichomuua, kwani angemeza mate na kubaki pale, wote wawili wangepona. Ninyi mnaonaje?

Bahari_Tulivu:
Ndugu Mpenda_Katuni, mimi niko upande wa mdogo wako. Kimono, yaani mavazi ya Kijapani, za marehemu mama yao zinatolewa kabatini na kwenda kubadilishwa kwa mchele, Setsuko analia na kuzing'ang'ania, halafu mchele wenyewe ukishapikwa, binti wa shangazi na mpangaji wake wanafungiwa matonge ya wali ya kwenda nayo kazini, huku yatima wakipewa uji mwepesi wa mabaki. Setsuko anaponung'unika kwamba mchele ule ni wao, shangazi anaugeuza ugomvi na kuwaambia kwamba basi na kila upande ujipikie. Aliyewahi kulelewa kwa ndugu anayajua masimango ya namna hiyo: hupigwi wala hufukuzwi, lakini kila kijiko unachokiinua kinahesabiwa mbele yako mpaka uondoke kwa miguu yako mwenyewe. Mtoto wa miaka 14 aliyetoka kuona mwili wa mama yake umefungwa bendeji kuanzia kichwani ukichomwa pamoja na miili mingine hawezi kudaiwa hekima ya mtu mzima.

Msomaji_Mkongwe:
Ndugu Bahari_Tulivu ameeleza vyema jinsi tukio lile linavyoumiza, nami sina la kumtetea shangazi kuhusu ulimi wake. Hata hivyo, naomba turudi kwenye sufuria ile ile, kwa sababu nadhani Takahata ameiweka pale kama mtego kwa sisi watazamaji. Japani ya mwaka 1945 chakula kiligawiwa kwa mgawo, mgawo wenyewe ulipitia vyama vya ujirani, na wale wawili wanaopewa matonge ya wali ni watu wanaofanya kazi kutwa. Seita alikuwa amepelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha chuma, kiwanda kikaungua na shule yake ikaungua, na tangu hapo hatafuti shule nyingine wala kazi. Anashinda amelala, anasoma, anapiga kinanda, anamchezesha mdogo wake. Shangazi anaonea mno kwa maneno, lakini hesabu yake ya chakula ndiyo iliyokuwa hesabu ya nchi nzima, na katika nyumba nyingi za wakati ule ingefanywa hivyo hivyo bila mtu kuona haya.

Tazameni pia jinsi uamuzi wa kuhama unavyofanyika. Shangazi anapotaka wajipikie, Seita anakwenda benki, anatoa fedha, ananunua jiko la mkaa na vyombo, kisha anarudi akiwa amechangamka kama mtu aliyepata ukombozi. Hakuna anayemfukuza. Wanapoondoka na mkokoteni wao, shangazi anashangaa kidogo, anawatakia heri, nao wanakwenda zao wakifurahia uhuru. Baadaye, chakula kinapokwisha, mkulima mmoja anamweleza Seita waziwazi kwamba siku hizi kila kitu ni cha mgawo na kwamba aliye nje ya chama cha ujirani hawezi kuishi, hivyo ni heri arudi akamwombe radhi shangazi yake. Anasikiliza, anashukuru, harudi. Badala yake anaanza kuiba mashambani na kuingia katika nyumba za watu wakati ving'ora vya hatari vinapolia na wenyewe wamekimbilia mahandaki, hata kufikia kuzishangilia ndege zinazoichoma nchi yake, maana zinampa nafasi ya kuiba. Kwangu hilo ndilo tukio zito kuliko yote katika filamu, tena hupita haraka na watu wengi hawalitaji kabisa.

Takahata mwenyewe alikataa mara nyingi filamu hii isiitwe ya kupinga vita. Alieleza kwamba alitaka kuonyesha watoto wawili wanaojitenga na jamii ili wajijengee familia yao safi, na jinsi maisha ya namna hiyo yalivyoshindikana, akiwalenga hasa vijana wa Japani ya wakati wake. Aliwahi pia kusema kwamba, iwapo nyakati zingegeuka, aliogopa kwamba watazamaji wangemshutumu Seita kuliko hata shangazi anavyomshutumu. Kwa hiyo, Ndugu Mpenda_Katuni, dada yako anasema kitu kile kile ambacho mtengenezaji wa filamu alikiogopa. Sisemi kwamba amekosea. Nasema kwamba hofu ile ilikuwa na msingi.

Mama_Wawili:
Asanteni kwa mjadala huu. Mimi swali langu ni dogo tu: nina watoto wa miaka 7 na 12, na mkubwa ameiona filamu hii Netflix, anaitaka kwa sababu imechorwa na watu walewale wa Totoro, ile katuni nyingine ya Ghibli. Je, inafaa kwao? Nami bado nalikumbuka lile jibu la daktari aliyepelekewa Setsuko, kwamba mtoto anahitaji lishe bora, bila dawa wala hata kipande cha chakula, naye Seita akamfokea kwamba hiyo lishe ataipata wapi.

Fundi_Kalamu:
Naongeza mambo mawili ambayo hayajaguswa, kwani nadhani yanagusa swali la lawama moja kwa moja.

La kwanza ni mwandishi wa hadithi ya asili, Akiyuki Nosaka, aliyeichapisha mwaka 1967. Alinusurika Kobe akiwa na umri ule ule wa Seita, na dada yake mdogo, ambaye alikuwa bado mtoto mchanga, alikufa kwa utapiamlo mwaka huo huo wa 1945. Nosaka alikiri hadharani kwamba hakuwa na huruma ya Seita: chakula kilipopatikana, alikula yeye kwanza. Seita ni kaka ambaye mwandishi alitamani angekuwa, ndiyo maana katika hadithi naye anakufa, jambo ambalo halikumpata mwandishi. Ukilijua hilo, mabishano ya nani alaumiwe yanageuka sura, kwa sababu shitaka limeandikwa na mshitakiwa.

La pili ni mchoro. Filamu inaanza kwa Seita kutueleza usiku aliokufa, tarehe 21 Septemba 1945, katika stesheni ya treni ya Sannomiya mjini Kobe, akiwa ameegemea nguzo huku wapita njia wakimkwepa. Mfagiaji anaokota mkebe wa peremende wenye mifupa ya Setsuko na kuutupa gizani. Tangu hapo mzimu wa Seita, ukiwa umemulikwa kwa rangi nyekundu, unarudi na kuyatazama maisha yake mwenyewe, na mara nyingine unaonekana ukiziba masikio pale shangazi anapopatana bei ya kimono. Yaani yeye ndiye mtazamaji wa kwanza wa makosa yake. Wachoraji pia waliacha mistari myeusi iliyozoeleka katika katuni na kutumia ya kahawia ili picha ziwe laini, na sauti ya Setsuko ilirekodiwa kabla ya kuchorwa, kwa kuwa mwigizaji wake alikuwa mtoto mdogo kweli; ndiyo sababu vilio na vicheko vyake havina uigizaji wa kikubwa ndani yake. Takahata naye, akiwa na miaka 9, alikimbia mashambulizi ya ndege katika mji wa Okayama pamoja na dada yake, mwezi huo huo wa Juni, kwa hiyo moto ule haukuchorwa kwa kubahatisha.

Bahari_Tulivu:
Ndugu Msomaji_Mkongwe, hoja ya mgawo naikubali. Lakini Seita hakuhama kwa ajili ya sufuria peke yake. Setsuko aliambiwa na shangazi kwamba mama yake amekufa na yuko kaburini, jambo ambalo Seita alikuwa amejitahidi kulificha, na tunalijua siku ile mtoto anapochimba shimo la kuwazikia vimulimuli waliokufa usiku, akauliza kwa nini vimulimuli hufa mapema hivyo. Pale ndipo Seita analia kwa mara ya kwanza mbele yake.

Msomaji_Mkongwe:
Ni kweli, na tukio hilo sikulitaja. Ila kumbuka kwamba vimulimuli wanazikwa wakiwa tayari wamehamia handakini, hivyo Seita anaipata habari hiyo baada ya kuhama.

Kwa Mama_Wawili: kwa jinsi nijuavyo, wa miaka 12 anaweza kuitazama ukiwa umekaa naye, kwa sharti kwamba uwepo hasa wakati mama yao anapoonyeshwa shuleni akiwa amefungwa bendeji na pale Setsuko anapomumunya goroli akidhani ni peremende. Huyu wa miaka 7 asubiri. Mwaka 1988 filamu hii na ya Totoro zilitolewa siku moja na kuonyeshwa pamoja katika kumbi za sinema za Japani, kwa hiyo mdogo unaweza kumwekea Totoro peke yake, naye hatajua kwamba amenyimwa kitu.