Nataka kupendekeza kipengele kipya katika Python: rasimu iwe na nini?

Swali

Wadau, ninaandika programu kwa Python kila siku, na kuna upungufu mmoja unaonirudisha mara kwa mara kwenye msimbo nisioupenda. Ninapokuwa na kitanzi (msimbo unaojirudia) ndani ya kitanzi, kisha nikapata ninachokitafuta katika kile cha ndani, `break` hunitoa katika hicho cha ndani peke yake. Tazameni:

```
imepatikana = False
for safu in jedwali:
    for seli in safu:
        if seli == lengo:
            imepatikana = True
            break
    if imepatikana:
        break
```

Nusu ya mistari hiyo haitafuti chochote. Kazi yake ni kukiarifu kitanzi cha nje kwamba cha ndani kimekwisha kufanikiwa. Java, Go na Rust zinaruhusu kitanzi kipewe jina, na `break` ikalitaja jina hilo. Nimekwisha kuandika rasimu fupi inayoeleza sintaksia ninayoitaka na kuonyesha jinsi msimbo utakavyopungua. Je, ili wasimamizi wa mradi walichukulie pendekezo langu kwa uzito, rasimu inapaswa kuwa na nini zaidi?

Jibu la 1

Ndugu, kabla ya kuongeza neno lolote katika rasimu, isome PEP 3136 (PEP ni hati rasmi ya kupendekeza mabadiliko katika Python). Wazo lako, kwa maana ileile, lilipendekezwa mwaka 2007 na Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, akalikataa mwaka huohuo. Alitoa sababu mbili: kwamba msimbo tata kiasi cha kuhitaji kipengele hicho ni nadra, na mara nyingi `return` ndani ya funksheni hutosha kuusafisha, na kwamba aliamini kipengele kingetumiwa vibaya kuliko kitakavyotumiwa vizuri. Kwa mfano wako, ukihamishia vitanzi viwili katika funksheni `tafuta(jedwali, lengo)` na kurudisha jibu pale linapopatikana, kigeu `imepatikana` kinatoweka chenyewe.

Sisemi hivyo ili kukukatisha tamaa. Ninasema kwamba pendekezo lisiloitaja PEP 3136 halitavuka hatua ya kwanza, kwa sababu msomaji wa kwanza atakayeikumbuka ataacha kusoma hapohapo. Utaratibu ulioelezwa katika PEP 1 una sehemu maalumu ya mawazo yaliyokataliwa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu inayoonyesha kama mwandishi amefanya kazi yake au amependezwa tu na wazo lake. Iko pia sehemu ya jinsi kipengele kitakavyofundishwa, ambayo wengi huijaza kwa sentensi moja ya haraka. Tena, usipokuwa mmoja wa watunzaji wa msingi wa lugha, utahitaji mtunzaji mmoja akubali kuwa mdhamini wa pendekezo lako.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kuisoma historia, ila naona amelifunga jambo mapema mno, kwani kukataliwa katika Python si kufungiwa mlango daima. Mfano mzuri ni usemi wa masharti, yaani `x if sharti else y`, unaotoa `x` sharti likiwa kweli, la sivyo `y`. Pendekezo lake, PEP 308, lilipigiwa kura na jamii mwaka 2003 na halikupita, kwa kuwa watu hawakuafikiana juu ya sintaksia ipi itumike. Mwaka 2005 Guido alilikubali, na kipengele kikatoka na toleo la 2.5 mwaka 2006.

Kilichomsukuma ni makosa yaliyokuwa yakifanywa na watu waliotafuta njia ya kuzunguka. Kwa kukosa usemi huo, walikuwa wakiandika hivi:

```
idadi = ipo and hesabu or 10
```

Mtu akiutazama mstari huo haraka atadhani kwamba, `ipo` ikiwa kweli, `idadi` itakuwa sawa na `hesabu`. Sasa weka `hesabu = 0`. Sifuri huhesabiwa kuwa si kweli, kwa hiyo usemi unaruka hadi kwenye `or` na kukupa 10, bila onyo na bila programu kusimama. Hitilafu ya namna hiyo yaweza kukaa muda mrefu bila mtu kuiona.

Kwa hiyo, ndugu muulizaji, kusema kwamba msimbo wako utapungua mistari minne si hoja. Kila kipengele kilichowahi kupendekezwa kilipunguza mistari mahali fulani. Swali la kujiuliza ni kama njia inayotumika sasa inawaingiza watu makosani. Pitia msimbo wako mwenyewe na maktaba za wengine, uhesabu.

Jibu la 3

Naongeza jambo moja kuhusu gharama. Ukifikiria kuongeza neno jipya maalumu, yaani neno ambalo lugha imejitengea na halitumiki tena kama jina, kumbuka kilichotokea kwa `async`: ilipofanywa neno maalumu kamili katika toleo la 3.7, mwaka 2018, maktaba zilizokuwa zikilitumia kama jina la kigezo ziliacha kufanya kazi hadi ziliporekebishwa. Ndiyo maana `match`, iliyokuja na toleo la 3.10 mwaka 2021, ni neno maalumu katika muktadha wake tu; vinginevyo hata `re.match`, funksheni ya kulinganisha maandishi na ruwaza iliyotapakaa kila mahali, isingeweza kuandikwa tena.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nimepitia miradi yangu na kupata sehemu 11 zenye mtindo niliouonyesha. Nane kati ya hizo zimekuwa nzuri zaidi baada ya kuwa funksheni, na nakiri kwamba nilipaswa kuziandika hivyo tangu mwanzo. Mbili zinabadilisha vigeu vingi vya kitanzi cha nje, hivyo funksheni inazifanya ziwe nzito kusomeka.

Iliyobaki imenitia aibu. Kulikuwa na vitanzi vitatu: cha mafaili, cha safu na cha seli. Mstari wa `imepatikana = False` nilikuwa nimeuweka juu ya kitanzi cha mafaili badala ya ndani yake. Faili la kwanza lenye lengo likishapatikana, kigeu kinabaki kuwa kweli, na kila faili linalofuata linaachwa baada ya safu yake ya kwanza tu. Programu haikulalamika hata mara moja. Nadhani huu ndio ushahidi ambao Jibu la 2 limeuzungumzia.

Jibu la 1

Ni ushahidi mzuri, lakini utaje pia kwamba funksheni ingeiondoa hitilafu hiyohiyo, kwa sababu mkaguzi wa kwanza atalisema usipolisema wewe. Zile sehemu mbili zisizokubali funksheni ndizo zenye uzito zaidi. Ziweke mbele, msimbo wote ukiwa kamili, kisha utafute nyingine za namna hiyo katika maktaba ambazo hukuziandika wewe.