Nimeambiwa nianze zamu za mafunzo kwenye ambulensi kabla ya mkataba. Nifanyeje?

Mwana_Shangani: Habari zenu wakuu. Nina cheti cha uuguzi, leseni ya Baraza la Uuguzi iko hai. Kampuni binafsi hapa Mtwara mjini imenipigia simu kwamba nimepita usaili wa kusindikiza wagonjwa kwenye ambulensi. Wanataka nianze Jumatatu: wiki nne za zamu za mafunzo, saa 12 kila zamu, mchana na usiku, kwa posho ya nauli tu. Mkataba "utafuata". Wakati huohuo nasubiri majibu ya usaili wa halmashauri moja ya Lindi kupitia Sekretarieti ya Ajira. Nikianza huku nitaharibu kule? Na mgeni kwenye zamu za mafunzo anatakiwa kufanya nini hasa?

Mzee wa Mingoyo: Mdogo wangu, simu si ajira. Kabla ya Jumatatu omba karatasi moja tu yenye cheo chako, kituo cha kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na mshahara. Hayo yote mwajiri anatakiwa kukupa kwa maandishi unapoanza kazi, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kipindi cha majaribio ni halali, ila kiandikwe, na mtu wa majaribio analipwa mshahara. Ukishawekwa kwenye ratiba na kubeba machela, unafanya kazi.

Sasa saa. Kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zamu ya saa 12 bila malipo ya ziada inahitaji makubaliano ya maandishi. Piga hesabu: zamu nne, ukitoa saa moja ya chakula kila zamu, ni saa 44. Ya tano inakufikisha 55, yaani saa 10 za ziada, na hizo zinalipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Kati ya zamu na zamu upumzike saa 12 mfululizo. Wakikutoa asubuhi na kukurudisha mchana huohuo, kataa kwa heshima, maana mtu asiyelala ndiye anayekosea dozi.

Uliza pia kama wamekuandikisha NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa fidia ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwako.

Sista_Ligula: Dada au kaka, mimi nijibu hilo la zamu. Mgeni hapaswi kuwa peke yake nyuma na mgonjwa. Awe mtu wa tatu: dereva, muuguzi mzoefu, na wewe. Wakikuambia "leo upo na dereva tu" hayo si mafunzo.

Zamu ianze kwa kukagua gari kwa mikono, si kwa kutia tiki. Ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa: ziba mdomo wa mfuko kwa kiganja, kamua, ikinywea bila kubisha, inavuja. Hakikisha zipo barakoa za kichanga namba 0 na namba 1, kwa sababu ya mkubwa haikai usoni mwa mtoto na hewa yote inatokea pembeni. Mashine ya kufyonza makohozi: iwashe, ziba mpira kwa kidole, geji ipande hadi 300 mmHg. Kisha ichomoe kwenye umeme uone kama betri inashika. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua, ikae kwenye kibaridi, nyuzi 2 hadi 8. Ukiwa na mama wa kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magneziamu, usiondoke bila saa ya dozi kuandikwa kwenye barua ya rufaa, na kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kupooza magneziamu ikizidi mwilini, iwe karibu.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Anza mapema. Ukichomwa na sindano, dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida. Waulize sasa hivi usiku zinapatikana wapi.

Mwana_Shangani: Asanteni sana. Wanasema safari nyingi ni Masasi kuja Mtwara. Oksijeni inatosha?

Dereva wa Nyanda za Makonde: Hapo ndipo wengi wanaponasa. Soma ujazo uliogongwa kwenye bega la mtungi, zidisha kwa bar (kipimo cha mgandamizo) za geji baada ya kutoa 20 za akiba, gawa kwa lita za dakika. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100: 80 mara 10 ni lita 800. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika anazimaliza kwa dakika 80. Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200. Dakika 80 hazikufikishi. Mitungi miwili yenye bar 150 inakupa dakika 260. Geji ikisoma psi, gawa kwa 14.5 upate bar.

Chanzo kikubwa cha mtungi mtupu ni valvu iliyoachwa wazi baada ya safari iliyopita. Cha pili ni washa, yaani kiringi cha kuzuia uvujaji kwenye regulata (kifaa cha kupunguza mgandamizo wa hewa), iliyopotea. Ukisikia mlio mdogo wa hewa, simama urekebishe. Usipake grisi wala mafuta, oksijeni na mafuta vinawaka. Spana ya mtungi ifungwe kwa kamba hapohapo.

Wakikupangia njia ya Liwale wakati wa mvua, uliza kwanza hali ya barabara.

Korosho_Tandahimba: Kuhusu Lindi: kufanya kazi kampuni binafsi hakukufuti kwenye usaili wa serikali. Angalia tangazo la kuitwa kazini kila siku, maana barua ya kupangiwa kituo ina tarehe ya mwisho ya kuripoti, na akaunti yako ya maombi ya kazi ya Sekretarieti iwe na namba ya simu unayoitumia. Mtu akikuomba hela ili "jina litoke", huyo ni tapeli. Huku Mtwara, kabla ya kusaini, soma kipengele cha notisi, na kama wanakudai gharama za mafunzo ukiondoka. Hicho cha pili kikiwa kinakudai fedha nyingi, omba kifutwe, la sivyo usisaini.