Mjadala: Mpito wa kijani — asasi za kiraia ziwe na kura, au zialikwe tu kusikiliza?

Wadau, naleta hoja hii nikijua fika kwamba hatutakubaliana wote. Serikali nyingi sasa zina mipango ya kuachana na makaa ya mawe na mafuta, na karibu kila mpango una sentensi ileile: "wadau watashirikishwa". Ninachouliza ni lini. Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane: asasi za kiraia ziwe na kiti chenye kura kabla ya mkataba wa fedha au wa ardhi kusainiwa. Ninaposema asasi nina maana ya vyama vya wafanyakazi, vyama vya wakulima na wafugaji, vikundi vya wanawake, pamoja na mashirika ya haki na ya mazingira. Wakiitwa baada ya saini, hapo wanapewa taarifa tu, hata kama ukumbi umejaa na mahudhurio yameandikwa.

Kwanza historia, maana inapotoshwa sana. Wapo wanaodai kwamba asasi zimedandia ajenda ya serikali na ya mikutano ya tabianchi. Dai la mpito wa haki, yaani kuhama nishati chafu bila kuwatupa wanaoishi kwa kazi zake, lilitoka kwa wafanyakazi. Nchini Marekani, Tony Mazzocchi, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta, kemikali na nyuklia, alikuwa akisema kwamba taifa likifunga kiwanda chenye sumu kwa faida ya wote, mfanyakazi asiachiwe hasara hiyo peke yake: alipwe, asomeshwe, asaidiwe kuanza kazi nyingine. Ilichukua miaka mingi mpaka mwaka 2015, mpito wa haki wa nguvu kazi ulipotajwa kwenye utangulizi wa Mkataba wa Paris wa tabianchi, na Shirika la Kazi Duniani likatoa miongozo yake mwaka huohuo. Serikali ndizo zilizofika baadaye.

Sasa tuangalie kilichotokea pale ambapo watu walikaa mezani mapema. Oktoba 2018, serikali ya Hispania, vyama vya wafanyakazi na wenye migodi walisaini makubaliano kabla ya migodi mingi ya makaa ya mawe kufungwa mwishoni mwa mwaka. Zilitengwa yuro milioni 250 za kutumika kwa muongo mmoja. Wachimbaji wa umri wa miaka 48 na kuendelea wangeweza kustaafu mapema. Wengine walitengewa mafunzo, na kazi ya kurekebisha ardhi iliyoharibiwa na migodi. Na naomba hili lisipite hivihivi: muda ulikuwa umebana. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilitaka migodi isiyoweza kujiendesha bila ruzuku ifungwe kabla ya 2019. Walijadiliana huku tarehe ikiwa imeshawafikia, na wakaelewana. Kwa hiyo anayeniambia kwamba dharura ya tabianchi haituachii nafasi ya kuzungumza na watu, aanze kwa kunieleza Hispania waliwezaje.

Linganisha na Komati, kituo cha umeme wa makaa ya mawe katika jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, kilichozimwa Oktoba 2022. Mkopo wa Benki ya Dunia wa kukigeuza kuwa kituo cha nishati safi uliidhinishwa mwezi uliofuata. Wafanyakazi wa kudumu wa Eskom, shirika la umeme la serikali, walihamishiwa vituo vingine. Waliobaki ni watu wa mikataba ya muda, wapangishaji wa vyumba, wauza chakula. Moto ulizimwa leo, mafunzo na miradi mbadala ikawa ya kusubiriwa. Mimi siwezi kuuita mpito wa haki mpango ambao unakata kipato kwanza na kutafuta kingine baadaye.

Kwenye ardhi ndiko kunakonisumbua zaidi, kwa sababu huko dhuluma inavaa nguo ya kijani na wengi tunaogopa kuisema. Oktoba 2021, ndani ya mwezi mmoja, mahakama mbili katika mabara mawili zilitoa hukumu zinazofanana. Norwei, Mahakama ya Juu iliamua kwamba leseni za mitambo ya upepo ya Fosen zilikiuka haki ya wafugaji wa Kisami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, kuendeleza utamaduni wao. Kenya, mahakama iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Nchi moja ni tajiri kupindukia, nyingine haijafikia huko, kosa lilelile. Pande zote mbili mitambo ilikuwa imeshasimama na inazalisha umeme, na mfugaji akabaki na hukumu mkononi bila malisho.

Huko Norwei mitambo iliendelea kuzunguka baada ya hukumu. Ilibidi vijana wa Kisami na wanaharakati wa mazingira, akiwemo Greta Thunberg, wazibe milango ya wizara mwaka 2023 ndipo serikali ikaomba radhi. Nimelitaja kwa makusudi, kwa sababu huwa tunaambiwa kwamba anayehoji mradi wa upepo ni adui wa mazingira. Pale wanamazingira wenyewe walisimama na wafugaji.

Lamu lilitokea kinyume chake. Juni 2019, jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa huko, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ilifunguliwa na wenyeji kupitia asasi yao, Save Lamu. Kituo kilikuwa hakijajengwa, kwa hiyo hukumu ilikuwa na kitu cha kuzuia. Ndiyo maana nang'ang'ania suala la lini.

Nije kwenye hoja za wanaopinga, maana nyingine nazipa uzito. Nzito kuliko zote ni hii: "Hizo asasi nani kazichagua?" Ni swali halali. Zipo asasi zenye ofisi nzuri mjini, mfadhili mmoja, na kazi yake ni warsha na ripoti. Mwanakijiji anazikumbuka kwa karatasi ya mahudhurio. Asasi ya namna hiyo ikipewa kura, tutakuwa tumeongeza dalali mwingine kati ya mwananchi na mwekezaji. Ila dawa ninayoiona ni kuweka masharti ya kura, si kuwanyima wote. Kura iende kwa chama chenye wanachama wanaoweza kumng'oa kiongozi wao, na kinachoweka hesabu zake hadharani. Asasi isiyo na wanachama ije kama mtaalamu, itoe ushauri, isipige kura. Najua sharti hilo litawaudhi baadhi ya wenzangu tunaofanya nao kazi hizi. Litawaudhi kwa haki.

Hoja ya pili, kwamba asasi zinakula pesa za nje, inanishangaza inapotoka serikalini. Mpango wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2021 uliahidiwa dola bilioni 8.5 na nchi tajiri. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Misaada isiyolipwa ilikuwa karibu asilimia 4 tu. Kama pesa ya nje inamwondolea mtu haki ya kusema, serikali nazo zinyamaze. Tena mkopo utalipwa na mwananchi, kwa hiyo masharti yake yanamhusu kuliko anavyohusika waziri atakayekuwa ameshaondoka.

Wapo pia wanaosema bunge linatosha. Ufaransa ina bunge, na ongezeko la kodi ya mafuta lilipita kwa taratibu zote. Mwishoni mwa 2018 waliokuwa wakitegemea gari kwa sababu hawana treni wala basi karibu waliingia barabarani wakiwa na vizibao vya njano, na Desemba serikali ikaliondoa ongezeko hilo. Mazingira hayakupata chochote.

Kuna jambo moja sijalipatia jibu, na hapo ndipo nawaomba mchango wenu wa dhati, hata nyie mnaonipinga. Vyama vya wafanyakazi huwakilisha wenye ajira rasmi. Vyama vya wafugaji huwakilisha wenye madai ya ardhi. Mama anayepikia wachimbaji nje ya geti, kijana anayechimba kobalti kwa mikono huko Kongo ili betri za magari ya umeme zitengenezwe, mwokota taka ambaye kazi yake itachukuliwa na kampuni ya kuchakata: hawa wengi wao hawana chama, na sharti langu la wanachama linawaacha nje. Nikilegeza sharti, madalali wanarudi. Nikilikaza, wanaoumia zaidi hawana kura. Nyie mngefanyaje?