Posamu wa theluji na jongoo bahari wetu: nani aokolewe kwanza?

Msomaji wa Moro: Wakuu, Australia kuna posamu kibete wa milimani, gramu 45 hivi, analea watoto kwenye mfuko wa tumboni. Wataalamu walimjua kwa mifupa ya kale tu, mpaka 1966 alipoonekana hai kwenye kibanda cha wateleza theluji, Mount Hotham. Huku kwetu jongoo bahari wa aina ya jongoo mchanga naye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye walio hatarini. Fedha ya uhifadhi ikiwa ya mmoja tu, apewe nani? Mimi nasema jongoo. Posamu ana serikali tajiri.

Ngosha83: Posamu. Nondo wa Bogong, wadudu anaowala, waliadimika vibaya 2017 na 2018, kosa si lake. Jongoo kamalizwa na tamaa ya watu wa pwani wenyewe.

Binti Micheweni: Tamaa ya nani? Bamvua maji yakitoka, mama zetu wanashuka na ndoo kuokota kwa mguu. Jongoo apasuliwe, achemshwe, aanikwe mpaka akakamae. Tajiri wa Hong Kong, wanakoliwa, ndiye anayepanga bei. Wewe wa Bara umewahi kuinama juani hivyo?

Ngosha83: Dada, mama zako sikuwataja. Nasema wanaozamia na mitungi ya hewa.

Binti Micheweni: Umesema "watu wa pwani". Mimi ni nani?

Mkaa Mwaloni: Mnagombana bure. Jongoo huachia mayai na mbegu majini. Wakibaki mmoja huku mwingine kule, havikutani, hata uvuvi ukisimama leo.

Kilwa Kivinje: Sisi Bara tulifungiwa uvuvi wa jongoo tangu miaka ya 2000. Zanzibar wanavua kwa leseni. Nani mwenye tamaa hapo?

Binti Micheweni: Kaka, leseni ni ya serikali, siyo ya mama yangu. Na mzigo wa kwenu unavuka usiku, usijifanye hujui.

Kilwa Kivinje: Unavuka kwa sababu kwenu kuna mnunuzi!

Msomaji wa Moro: Jamani, posamu je?

Ngosha83: Mwache kwanza. Jongoo bahari wa aina ya pauni waliingizwa 2019 kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mzigo wao hautoki nchini bila kibali. Hapo bandarini ndipo pa kubana.

Binti Micheweni: Mbaneni mwenye kontena basi, si mwenye ndoo. Na vifaranga vya jongoo vya kituo cha kuzalishia cha Beit el Ras, Unguja, vije Pemba, mama zetu wafuge.

Kilwa Kivinje: Na Kilwa pia. Au sisi si pwani?