Vifaa vya kuhesabia Gredi ya 1: abakasi, vifuniko au vijiti?

mw_langoni (Lamu)
Salaam aleikum walimu wenzangu. Kamati ya wazazi imetupa shilingi 8,000 za vifaa vya hesabu vya Gredi ya 1, na mwalimu mkuu anataka orodha kufikia Ijumaa. Mbele yangu kuna njia tatu: abakasi za mbao (zile fremu za shanga za kuhesabia) kutoka Mombasa, vijiti vya plastiki vya rangi, au tuokote vifuniko vya chupa na hela tununulie manila (karatasi ngumu) na makopo. Kipi kitafaa zaidi? Naomba wajibu waliokwisha kuvitumia darasani.

mwalimu_muyeye (Malindi)
Aleikum salaam mwalimu. Mbona hujatwambia kitu? Watoto ni wangapi? Abakasi ya aina gani: ile ya nyaya kumi za kulala, kila waya shanga kumi, au ile ya nguzo za kusimama, nguzo ya mamoja na nguzo ya makumi? Ni vifaa viwili mbalimbali, jina tu ndilo moja. Na mko wapi kwenye mtaala, bado mnahesabu hadi 10 au mmeshafika makumi na mamoja? Madawati yenu je, yamelala sawa au yana mteremko? Kifuniko juu ya dawati la mteremko hakikai, dakika 30 za kipindi zitaishia chini ya madawati.

BiMkubwa_Faza
Vifuniko, mwanangu, wala usihangaike. Lakini viwe vya plastiki, vya chupa za maji. Vile vya bati vya soda vina meno yanayokata vidole, na kwa hewa yetu ya chumvi vinapata kutu hata kabla muhula haujesha. Vioshe kwa sabuni, vilaze nusu saa kwenye maji yenye dawa ya kuua viini, vianike. Tafuta rangi mbili tu, buluu na nyeupe, kumi kumi katika kila kopo. Rangi mbili zina kazi yake: mtoto anaweka buluu tatu na nyeupe saba, anaona kumi imeundwa na nini. Kesho nne na sita. Hayo ndiyo majozi ya kumi, na asiyeyajua kwa macho atahesabia vidole mpaka Gredi ya 4.

Kopo moja kwa watoto wawili. Ukimpa kila mtoto lake, nusu ya kipindi inakwenda kwa kugawa na kukusanya.

Barani_Hesabu (Malindi)
Bi Mkubwa, kwa kumi ya kwanza nakubali. Ikishapita kumi, vifuniko vinakwama kwa sababu havifungiki. Mtoto wa miaka sita anahitaji kuishika kumi mkononi kama kitu kimoja, kisha aifungue aone bado ni vile vile kumi. Hiyo ni kazi ya vijiti na si ya kingine.

Wala usinunue vya plastiki. Chukua chelewa za ufagio. Uti mmoja ukiutoa ncha nyembamba unabaki kama sentimita 60, kata vipande vitano vya sentimita 12. Kata kwa mkasi, si kwa kuvunja, maana ukivunja unaacha ncha kali na watoto hukaa karibu karibu, jicho halina spea. Suguza ncha zote mbili kwa msasa.

Kufungia usitumie mipira ya dukani ya kubania karatasi (raba bendi). Kwa joto hili inanata na kukatika. Kwa fundi wa baiskeli omba tyubu iliyokufa, ikate pete za upana wa nusu sentimita. Zinadumu, na mtoto anazivuta bila kuumia. Huko Lamu ukikosa tyubu, chane za ukindu zinafunga vizuri, ila mtoto mdogo hawezi kupiga fundo lake mwenyewe, na maana yote ni afunge mwenyewe.

Pwani_PP2
Mimi naona mnatia gharama pasipo haja. Watoto wakiimba namba kila asubuhi mpaka 100 wanazishika. Vifaa vinaleta vurugu.

mwalimu_muyeye
Kuimba ni mfuatano wa maneno tu. Mjaribu mtoto anayeimba hadi 50: mwekee vifuniko saba, mwambie ahesabu. Wengine watagusa kifuniko kimoja huku ulimi umeshataja viwili. Mwingine atahesabu sawasawa mpaka saba, na ukimuuliza "vingapi?" ataanza tena, moja, mbili, tatu. Huyo hajajua kwamba neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Wimbo hauwezi kumfunza hilo. Dawa yake ni kuchora mstari katikati ya karatasi: vitu viko kushoto, kila anapotaja namba anavusha kimoja kwenda kulia. Kilichovuka kimeshahesabiwa. Baada ya hapo funika vyote kwa kiganja umuulize vingapi.

Pwani_PP2
Sikusema waimbe tu basi. Nimesema waanze na wimbo.

Kizingitini_mjumbe
Kuhusu abakasi, wacha niwaeleze yaliyoipata shule moja huku visiwani, ili pesa za wazazi zisiende maji. Walinunua za nguzo, fremu ya plaiwudi, nyaya za chuma cha kawaida, shanga za mbao zilizopakwa rangi. Siku ya kufunguliwa boksi zilipendeza kweli. Mvua za masika zilipokuja plaiwudi ikavimba, tundu zikalegea, nguzo zikainama kila moja upande wake. Nyaya zikashika kutu. Kutu ikikaa kwenye waya, shanga haishuki, mtoto anaisukuma kwa nguvu, rangi inabanduka, na waya unachomoka na shanga zote. Shanga zenyewe hazikuwa na kimo kimoja, kwa hivyo nguzo moja ikaingiza shanga tisa na ya pili kumi na moja. Hapa ndipo palipokuwa na hasara kubwa, kwa sababu nguzo ya abakasi inatakiwa ipokee tisa tu. Ya kumi ikose nafasi, ndipo mtoto alazimike kubadilisha kumi za mamoja kwa moja ya makumi. Ikiingia kumi na moja, somo lote limebomoka, na mwalimu anabaki kusema kwa mdomo kile ambacho kifaa kinakikanusha.

Juu ya hayo abakasi zilikuwa chache. Mtoto mmoja anacheza na shanga, wanne wanatazama. Kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa juu ya kabati ya mwalimu mkuu.

fundi_mbao_Malindi
Kosa hapo ni la utengenezaji, usiihukumu abakasi. Plaiwudi ya ndani haifai Pwani. Fremu iwe ya mbao ngumu iliyokauka. Mwembe usiotiwa dawa utatobolewa na bungua. Badala ya chuma tia mshipi wa kuvulia ule mnene, uvutwe kaza, ufungwe nyuma kwa fundo mbili. Haushiki kutu na shanga inateleza. Lakini hilo linawezekana kwa abakasi ya nyaya za kulala tu. Ya nguzo inahitaji kitu kigumu, weka fito ya mti yenye unene wa penseli, kisha pima: tia shanga tisa, halafu kata fito sawa na shanga ya tisa, iache milimita mbili tu juu.

Barani_Hesabu
Hata ikitengenezwa kwa dhahabu, fundi, ya nguzo si ya kuanzia. Shanga ya makumi na shanga ya mamoja ni sawa kwa ukubwa. Mtoto anaona shanga moja hapa na mbili pale, anasema tatu. Wewe unamwambia ni 12. Kwa nini akuamini? Kwanza afunge mafungu ya vijiti, ayaone makumi kuwa ni mazito kuliko mamoja. Kisha fungu liwekwe upande wa kushoto wa karatasi na vijiti pweke kulia. Akishazoea upande, ndipo shanga iingie kushika nafasi ya fungu.

mw_langoni
Samahani, nilikuwa darasani. Watoto ni 52. Abakasi ni ya nguzo, bei niliyopewa ni 650 moja. Kuhesabu hadi 20 wanaweza wengi wao, sasa tunaingia makumi na mamoja. Lakini wana tatizo la kuandika: ukiwaambia kumi na mbili wanaandika 102.

BiMkubwa_Faza
Kwa 8,000 utapata abakasi 12, watoto wanne au watano kwa moja. Umeshajibiwa na hesabu yenyewe.

mwalimu_muyeye
Hiyo 102 si ujinga, mtoto anaandika anachosikia: kumi ni 10, na mbili ni 2, kaziunganisha. Tengeneza kadi za kufunikana. Kata manila kadi ya 10 yenye upana wa sentimita 12 na kimo 8. Kadi za 1 hadi 9 ziwe upana wa sentimita 6, kimo kile kile 8. Tarakimu 0 ikae sawasawa katika nusu ya kulia ya kadi ya 10. Mtoto analaza 10, anaiwekea 2 juu ya sifuri, inasomeka 12. Akiinua 2, sifuri iko pale pale chini. Hapo anaelewa kwamba kumi haijapotea. Kisha 20, 30 na kuendelea kwa vipimo hivyo hivyo. Kosa la wengi ni kukata kadi zote upana mmoja, hapo hazifunikani na mtoto anarudi kwenye 102.

Na kadi ziende pamoja na vijiti: fungu moja na vijiti viwili mezani, kadi chini yake.

Pwani_PP2
Hilo tatizo linatokana na kufundisha hesabu kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza hawaandiki 102.

Barani_Hesabu
Kinyume chake. Kiingereza kina majina ya 11 na 12 ambayo hayaonyeshi kumi hata kidogo, mtoto anayakariri kama majina ya watu. Kiswahili kinamwambia wazi kuna kumi na kuna mbili, tena inaendelea hivyo mpaka 19. Ugumu unakuja kwenye ishirini na thelathini, ambazo hazisemi makumi mawili wala makumi matatu. Basi kwa wiki chache tumia yote mawili: "makumi mawili na tatu, yaani ishirini na tatu". Na wakubwa wa mtaala wenyewe wanataka Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao.

Pwani_PP2
Vitabu vya hesabu tulivyoletewa ni vya Kiingereza. Mtihani je?

mwalimu_muyeye
Kusoma kitabu ni jambo moja, kumwelewesha mtoto ni jingine. Tusiuteke uzi wa mwenzetu.

Barani_Hesabu
Mw_langoni, hesabu yako hii hapa. Watoto 52 ni jozi 26. Kila jozi vijiti 40: mafungu matatu na kumi pweke. Jumla 1,040, kwa hivyo chelewa 208 za kukata tano tano. Ongeza kidogo za kuvunjika.

BiMkubwa_Faza
Na vifuniko 520, ishirini kwa kila kopo. Pamoja navyo fremu za kumi: kadibodi ya sentimita 20 kwa 8, ichorwe safu mbili za vyumba vitano, kila chumba sentimita 4, kifuniko kinaingia na nafasi inabaki. Kipande cha boksi cha 60 kwa 40 kinatoa 15. Kila jozi wape mbili. Wakati wa kukusanya, watoto wajaze fremu zote mbili. Pakiwa na chumba kitupu, kuna kifuniko chini ya dawati, wakitafute kabla ya kopo kufungwa. Huna haja ya kuhesabu wewe.

mzazi_watamu
Kwani maganda ya konokono wa pwani hayafai? Yamejaa tele.

mwalimu_muyeye
Usiokote, hasa ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ni marufuku. Na mengine yana mdudu ndani, yananuka darasa zima. Mahindi na maharagwe pia mniachie: fukusi, panya, na watoto wenyewe wanayatafuna.

Kizingitini_mjumbe
Komwe je? Za kuchezea bao. Ni ngumu, haziozi, hazipigi kelele kama vifuniko.

BiMkubwa_Faza
Komwe nzuri sana kwa Gredi ya 1, lakini si kwa PP1 (chekechea mwaka wa kwanza), ni ndogo, zinamezeka. Na mkiwatuma watoto waende kutafuta mbegu, waonyesheni kwanza ya kutafuta. Wataleta tipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi, kwa kuwa zinapendeza. Hizo ni sumu zikitafunwa, na mbegu za mbarika vile vile. Zisiingie darasani hata kwa kupamba ukuta.

Kizingitini_mjumbe
Bao lenyewe lina kete 64 na mashimo 32, kwa watoto punguza: safu mbili za mashimo sita kwenye trei ya mayai, komwe tatu kila shimo. Kupanda moja moja, yaani kutia komwe moja katika kila shimo kwa zamu, ni kuhesabu kwa mkono, na wakizoea wataangalia shimo na kusema nne bila kuhesabu.

fundi_mbao_Malindi
Trei ya mayai inalainika kwa unyevu. Naweza kuchonga za mbao.

mw_langoni
Fundi, bei gani? Nyote nawashukuru. Naelekea vijiti na vifuniko, ila mwalimu mkuu anapenda abakasi, anasema mkaguzi akija anataka kuona vifaa vilivyonunuliwa.

Barani_Hesabu
Basi nunua moja ya mbele ya darasa, kubwa, ya nyaya za kulala. Shanga tano nyekundu na tano nyeupe kwa kila waya ili watoto waone nusu ya kumi wakiwa nyuma.

mwalimu_muyeye
Bado hujatujibu kuhusu madawati.

mw_langoni
Yana mteremko.

fundi_mbao_Malindi
Pigilia ubao mwembamba wa sentimita moja ukingoni kwa chini.

BiMkubwa_Faza
Hapana, mkono wa mtoto anapoandika utakaa juu ya ukingo huo kila siku. Tumia kifuniko cha boksi la karatasi za kuchapia kama sinia, na chini yake upande wa mtoto utie kipande cha mbao kulingana na mteremko, kisha vitu vyote vikae ndani.

fundi_mbao_Malindi
Sinia itateleza na kila kitu chake. Ukingo unaweza kuwa wa kuchomoa, wenye vijino viwili vinavyoingia kwenye tundu. Nipimie unene wa ubao wa dawati, mwalimu, na upana kutoka tundu la kalamu hadi mwisho.